Vipele vya mwanangu vinapona, kisha vinarudi kwa nguvu. Nimpake nini?

Shikamoo Mama Mshauri,

Niite Mama Nasra, naishi Mbagala. Nasra ni mtoto wangu wa kwanza, ana wiki saba. Alizaliwa salama, ananyonya vizuri, na kliniki wanasema uzito unapanda. Shida yangu ni ngozi yake.

Vilianza vipele vidogo vidogo kama ulezi, shingoni na kwenye paji la uso, vikashuka hadi mgongoni. Huku kwetu joto limezidi, na umeme ukikatika usiku feni inazima, mtoto anaamka amelowa chapachapa. Mama mkwe yuko nasi tangu nijifungue na yeye ndiye anayemwogesha. Hataki kabisa mtoto akae bila kofia na soksi, anasema atapata nimonia. Akimaliza kumwogesha anampaka mafuta ya mgando mwili mzima, halafu poda shingoni na kwapani mpaka mtoto anageuka mweupe.

Baadaye nikaona wekundu kule chini kwenye pampasi. Nikaenda duka la dawa, nikaeleza, kijana akanipa tyubu moja, akasema hii inamaliza kila kitu: fangasi, aleji, bakteria. Nikapaka asubuhi na jioni. Mama, siku ya tatu ngozi ilikuwa safi kabisa! Nikaacha. Haikupita wiki vikarudi, safari hii vimeingia hadi kwenye mikunjo ya mapaja, panang'aa, na pembeni vipele vimetawanyika. Nikapaka tena vikapungua, nikaacha vikarudi. Sasa naona pale ninapopaka ngozi imekuwa nyeupe kuliko sehemu nyingine. Shingoni nako nilipaka.

Begani, palipochomwa sindano alipozaliwa, pana kipele chenye usaha. Nimekipaka tyubu hiyohiyo. Na ulimi wake una utando mweupe, mama mkwe anasema ni maziwa tu.

Juzi jirani alikuja kumwona mtoto, alipotoka akasema mtoto amebemendwa. Maneno yakamfikia mume wangu, na tangu hapo nyumba imepooza. Mama mkwe ameleta majani ya mwarobaini, anataka tumwogeshe na tumnyweshe kidogo. Kumnywesha nimekataa, ikawa ugomvi. Naomba unisaidie, Mama. Kuna dawa gani nzuri ya vipele vya watoto?

Mama Nasra, Mbagala


Marahaba mwanangu, na hongera kwa Nasra.

Umeuliza dawa nzuri ya vipele vya watoto. Dawa ya namna hiyo haipo, na kuitafuta ndiko kulikokuzungusha. Nikisoma barua yako naona mambo manne kwenye mwili wa mtoto mmoja: ya shingoni na mgongoni, ya kwenye mikunjo ya mapaja, ya begani na ya ulimini. Kila moja lina chanzo chake, lakini yale matatu ya kwenye ngozi yamepakwa tyubu moja. Kwa mtoto mchanga, kabla hujauliza umpake nini, tazama vipele viko wapi. Mahali vilipo panakueleza nusu ya habari.

Lakini kwanza tuizungumzie hiyo tyubu, maana ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vipele vyenyewe.

Chukua boksi lake usome maandishi madogo yanayotaja kilichomo. Nadhani utakuta majina matatu, mojawapo likiwa betamethasone, au pengine clobetasol. Hiyo ni steroidi. Nyingine utakazozikuta kwenye tyubu za namna hii ni clotrimazole, inayoua fangasi, na gentamicin au neomycin kwa ajili ya bakteria. Kijana wa dukani hakukudanganya, kweli imechanganywa kila kitu. Tatizo ni kwamba steroidi ndiyo inayofanya kazi ya haraka. Inazima wekundu na muwasho ndani ya siku mbili tatu, unaona ngozi safi, unaacha kupaka. Fangasi bado wapo, hawajafa, na ngozi uliyowaachia kinga yake imeshushwa na dawa ileile. Wanarudi wengi zaidi. Unapaka tena. Mama wengi wanakuja kliniki wakiwa wameshafika tyubu ya tatu au ya nne, na kila mmoja anasema dawa ni nzuri, ila vipele ni vikaidi.

Kwa mtu mzima hilo ni tatizo. Kwa mtoto wa wiki saba ni zaidi, kwa sababu ngozi yake ni nyembamba na dawa inapenya kuingia mwilini kwa urahisi. Na pale kwenye pampasi umeipaka halafu ukaifunika na kuibana, ikapenya zaidi. Huo weupe unaouona ni kazi ya steroidi. Usiogope, rangi hurudi yenyewe, ingawa inaweza kuchukua wiki nyingi hata miezi, na hakuna cha kupaka cha kuiharakisha. Ndugu wa dawa hizo ndizo zinazotiwa kwenye mkorogo, kwa hiyo kama wewe au yeyote anayembeba Nasra anajipaka krimu ya kung'arisha ngozi, hilo nalo likome, maana shavu la mtoto linalala kifuani na mkononi mwenu kutwa nzima.

Wewe umeitumia siku chache chache, kwa hiyo acha leo. Ila kama kuna msomaji ambaye amempaka mtoto dawa hizi kwa wiki nyingi mfululizo, au ameona uso wa mtoto umevimba na kuwa wa duara, huyo asiache ghafla peke yake. Ampeleke kwa daktari kwanza, kwa sababu mwili wa mtoto unaweza kuwa umezoea kutegemea dawa hiyo.

Sasa twende chini kwenye pampasi. Mlaze Nasra karibu na dirisha mchana, umfungue, uachanishe mapaja taratibu. Wekundu unaotokana na mkojo na kinyesi kukaa sana hukaa mahali panapogusana na pampasi: kwenye matako, sehemu ya mbele, juu ya paja. Ndani ya mkunjo kabisa ngozi huwa salama, kwa sababu imejificha. Fangasi ni kinyume chake, wao wanapenda mkunjo wenyewe, penye giza na unyevu. Panakuwa pekundu sana, panang'aa, mpaka wa wekundu unaonekana wazi, na nje ya mpaka huo kuna vipele vimetapakaa kimoja kimoja. Umenieleza hivyo neno kwa neno. Nami nadhani ulianza na ule wa mkojo, wa kawaida kabisa, kisha fangasi wakapata nafasi.

Niongeze jambo ambalo picha nyingi za mtandaoni haziwaambii mama zetu. Kwenye ngozi nyeusi "wekundu" mara nyingi si mwekundu. Unaweza kuonekana wa zambarau, au wa kahawia iliyokolea, au ukaona ngozi inang'aa tu isivyo kawaida. Kwa hiyo linganisha na ngozi ya jirani yake, na uguse kwa mgongo wa kidole: pana joto? panakwaruza? mtoto analia ukigusa hapo?

Kwa fangasi wa mkunjo dawa ni clotrimazole ya asilimia 1 iliyo peke yake, au nystatin. Soma boksi, liwe na jina moja tu. Hupakwa kidogo mara mbili au tatu kwa siku, na unaendelea siku kadhaa baada ya ngozi kuonekana imepona. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Lakini sitaki uinunue kwa barua yangu. Nasra ana wiki saba na ameshapakwa steroidi, aonwe kwanza kliniki. Usisubiri chanjo ya wiki ya 10, nenda wiki hii, na hiyo tyubu uibebe na boksi lake ukamwonyeshe nesi. Usimpake GV, ile dawa ya maji ya zambarau, kabla ya kwenda. Mtoto akishageuka zambarau hakuna anayeweza kuona kitu.

Lililo mikononi mwako kuanzia leo ni ukavu. Badilisha pampasi kila baada ya saa mbili au tatu mchana, na akijisaidia haja kubwa mbadilishe papo hapo. Osha kwa maji ya uvuguvugu na pamba au kitambaa laini, kutoka mbele kwenda nyuma kwa kuwa ni msichana. Zile tishu nyevu zenye manukato ziweke kando mpaka apone. Usisugue, gandamiza tu taulo pakauke. Kisha mwache wazi juu ya kanga, akojoe anapotaka, mara kadhaa kwa siku. Najua unafua sana, lakini hewa hapo inafanya kazi kuliko krimu nyingi. Ukimfunga tena, paka krimu ya zinki kwa wingi, tabaka nene kabisa, ili ikae kati ya ngozi na mkojo. Ukiwa umepewa dawa ya fangasi, hiyo itangulie, zinki ije juu yake. Na unapombadilisha huna haja ya kukwangua zinki yote iliyobaki, safisha palipochafuka tu.

Kama pampasi zinawaelemea kwa bei, nepi za kitambaa ni nzuri sana, ila usimvalishe chupi ya plastiki juu yake. Suuza sabuni ya unga mpaka maji yawe safi. Anika juani, na kabla ya kumvisha piga pasi pande zote. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje; funza wake huingia kwenye ngozi ya mtoto na kutokeza uvimbe kama jipu lenye tundu katikati. Joto la pasi huyaua hayo mayai. Na nguo za urithi mlizotoa sandukuni zikiwa na harufu ya nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, msimvishe. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, nao si wachache huku pwani, nafthalini inaweza kuwavunja chembe za damu na kuwatia manjano.

Ulimi. Chukua kitambaa safi chenye unyevu, ukizungushie kidoleni, ufute kidogo tu. Maziwa yanatoka. Utando wa fangasi haung'oki kirahisi, na ukilazimisha unaacha pekundu au panatoka damu. Mara nyingi upo pia ndani ya mashavu. Ukiwa ndio, Nasra atapewa dawa ya matone mdomoni, na wewe waambie nesi kama chuchu zinawaka au zinachoma anaponyonya. Akitibiwa yeye peke yake mtakuwa mnapeana fangasi. Endelea kunyonyesha, maziwa hayana kosa lolote.

Shingoni na mgongoni ni joto. Vipele vya joto hutokea pale jasho linapokosa njia ya kutoka, na kwa mtoto njia hizo bado ni changa. Ukiongeza kofia, soksi, mafuta ya mgando mwili mzima, kisha poda juu ya mafuta, umeziba kila mlango. Havihitaji dawa. Mwogeshe maji ya uvuguvugu, mvishe nguo moja nyepesi ya pamba, kofia ivuliwe akiwa ndani, mafuta ya mgando yasipite shingoni wala mgongoni kipindi hiki cha joto. Feni isimlenge usoni, ipite pembeni. Umeme ukikatika, fungua dirisha lakini chandarua kibaki palepale. Unapombeba kifuani weka kanga nyepesi kati yenu. Poda sitaki kabisa, na si kwa sababu ya ngozi peke yake: vumbi lake linaingia kwenye mapafu ya mtoto kila inapopigwa. Na asipewe maji ya kunywa eti kwa sababu ya joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, maziwa yako yana maji ya kumtosha. Ukifanya hivyo vipele hupungua ndani ya siku chache.

Kipele cha begani kiache. Hiyo ni BCG, chanjo ya kifua kikuu, inafanya kazi. Wiki chache baada ya sindano panavimba, panatunga usaha kidogo, panapasuka, kisha panabaki kovu. Usikamue, usipake kitu, usifunge plasta. Pakivuja, osha kwa maji safi. Nesi atahitaji kukiona ikiwa kimekuwa kidonda kikubwa au kuna tezi zimevimba kwapani upande huo.

Mwarobaini sasa. Kumnywesha, hapana, hata kijiko kimoja. Mafuta ya mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga waliopewa kama dawa, na kwa umri wa Nasra hakuna chochote cha kuingia mdomoni ila maziwa yako na dawa ya hospitali. Kumwogesha nako acheni mpaka ngozi itulie, ngozi iliyochubuka haitaki majani ya aina yoyote.

Kuhusu kubemenda, mwambie Baba Nasra kwamba Mama Mshauri amesema vipele vya joto havijui mlilala vipi. Fangasi nao hawajui. Mtoto anayenyonya vizuri na kuongezeka uzito kila akipimwa, kadi yake ya kliniki inajibu maneno ya jirani vizuri kuliko mimi. Ningekuwa wewe ningemwomba mume wangu aje naye kliniki, asikie kwa masikio yake, halafu yeye ndiye akamweleze mama yake.

Na mama mkwe usimpokonye mtoto. Amekuja kukulea wewe na mjukuu wake, na hofu yake ya nimonia si ya kipuuzi, ameishi na kuona watoto wakifa. Mpe kazi inayomstahili: yeye ndiye awe mkaguzi wa mikunjo. Kila baada ya kumwogesha, shingo ifunguliwe, kwapa zifunguliwe, mapaja yafunguliwe, pakaushwe kabisa. Bibi akishapewa hilo, poda atasahau. Akitaka kujua kama mtoto anasikia baridi, aguse tumbo au nyuma ya shingo; mikono na miguu ya mtoto mchanga mara nyingi huwa ya baridi hata kama mwili una joto la kutosha.

Wapo wasomaji wengine walioniandikia juu ya watoto wachanga zaidi, niwajibu hapahapa. Mabaka mekundu yenye vijipele vya manjano katikati, yanayotokea siku ya pili au ya tatu na kuhamahama mwilini, huwapata karibu nusu ya watoto waliozaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, na huisha yenyewe. Wapo watoto weusi wanaozaliwa na vijipele vinavyopasuka na kuacha madoa meusi. Madoa hayo hufifia kadiri miezi inavyopita. Chunusi za mashavuni za wiki ya tatu au ya nne, ziacheni. Mabaka ya bluu matakoni na kiunoni si kupigwa wala si ugonjwa. Ila mtoto aliyezaliwa na malengelenge au ngozi inayobambuka viganjani na nyayoni apelekwe hospitali mara moja, na mama apimwe kaswende kama hakupimwa alipokuwa mjamzito.

Upele wa kuambukizana ni habari nyingine. Kama watu wazima nyumbani wanajikuna usiku, na mtoto ana vipele viganjani na nyayoni, hapo nyumba nzima inatibiwa siku moja. Dawa ya upele ya wakubwa msimpake mchanga, kliniki wana ya umri wake.

Mama Nasra, yafuatayo hayasubiri asubuhi. Joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi. Kama alikuwa amefunikwa sana, mvue, mpime tena baada ya muda mfupi. Likibaki palepale, ondoka. Vilevile akiwa wa baridi isiyo ya kawaida, akikataa kunyonya, akilegea asiamke vizuri, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Kwa upande wa ngozi: malengelenge yenye maji au usaha, wekundu unaosambaa upesi na una joto, kitovu kinachotoa usaha au chenye wekundu kukizunguka, au madoa ya zambarau ambayo ukiyagandamiza kwa glasi ya kioo hayafifii. Dalili moja inatosha. Usipitie duka la dawa njiani.

Mkitoka kliniki niandikie walichosema kuhusu ulimi, na kama chuchu zako nazo zimetibiwa.

Mama Mshauri